Seva ya Tatu Haiwaki: Mwongozo Kamili wa Kufuatilia na Kupandisha Vikomo vya AWS

Seva ya kwanza imewaka. Ya pili imewaka. Ya tatu inagoma, na skrini inaleta neno moja refu: `VcpuLimitExceeded`. Hao ni AWS, huduma ya Amazon ya kukodisha kompyuta kupitia mtandao, wakikuambia umegonga kikomo, yaani kiwango cha juu wanachokuruhusu kutumia. Hiyo ndiyo picha ninayotumiwa kuliko nyingine zote, na mara nyingi inakuja na swali lilelile: "Kaka, nimeomba waniongezee, wamekubali, mbona bado?"

Jibu karibu kila mara ni mojawapo kati ya matatu. Ameomba kikomo kisichohusika, ameomba kwenye kanda nyingine (sehemu ya dunia ambako AWS wana mitambo yao), au tatizo lake si kikomo kabisa. Ndiyo maana hatua nne za kwanza hapa chini hazina ombi lolote ndani yake. Usiziruke.

Nimechukua vCPU (vipande vya nguvu ya kuchakata) za seva za EC2, yaani kompyuta za kukodi za AWS, kuwa mfano mkuu, kwa sababu hapo ndipo wengi wanakwama. Ukishaujua mwendo wake, anwani za IP, Lambda (msimbo unaoendeshwa bila wewe kusimamia seva) na hifadhidata za RDS zinafuata njia ileile.

## Andaa hivi kwanza

- Namba ya akaunti yako ya AWS, yenye tarakimu 12.
- Mtumiaji wa IAM (mfumo wa AWS wa watumiaji na ruhusa) mwenye ruhusa za Service Quotas, sehemu ya AWS ya kusimamia vikomo. Sera iliyo tayari inaitwa `ServiceQuotasFullAccess`. Aongezewe ruhusa ya kusoma EC2, kutengeneza kengele za CloudWatch (huduma ya AWS ya vipimo) na kufungua kesi za Support (kitengo cha msaada). Akaunti kuu ya root iache ilale.
- AWS CLI (programu ya kuiendesha AWS kwa amri) toleo la 2 kwenye kompyuta yako. Kama huna, fungua CloudShell ndani ya konsoli (tovuti ya AWS ya kusimamia akaunti). Inafanya kazi kwenye kivinjari na amri zote za hapa zinakubali.
- Barua pepe ambayo unaisoma kweli, siyo ile ya info@ ambayo nywila yake anayo mtu aliyeacha kazi.
- Karatasi na kalamu. Sitanii, kuna hesabu hatua ya 5.

## Hatua ya 1: Soma kosa lenyewe, usikisie

Nakili msimbo wa kosa kama ulivyo. Makosa yanafanana kwa sura lakini dawa zake ni tofauti.

`VcpuLimitExceeded` maana yake umegonga kikomo cha vCPU cha seva za kulipia kwa matumizi (On-Demand). Endelea na mwongozo huu.

`MaxSpotInstanceCountExceeded` ni kikomo cha seva za Spot, zile za bei nafuu ambazo AWS wanaweza kuzichukua wakizihitaji. Hicho kinahesabiwa peke yake, na kupandisha kile cha kwanza hakukigusi.

`AddressLimitExceeded` ni anwani za Elastic IP, yaani anwani za mtandao zisizobadilika. Kila kanda huanza na 5. Kabla hujaomba, angalia kama una anwani zilizokaa bila seva. Ukizipata, ziachie tu, tena zinakutoza pesa zikiwa zimekaa bure.

`RequestLimitExceeded` ni programu yako inayopiga simu nyingi mno kwa API (mlango ambao programu huombea huduma kwa AWS) ndani ya muda mfupi. Kosa liko kwenye msimbo wako: weka muda wa kusubiri unaoongezeka kila jaribio linaposhindwa.

`InsufficientInstanceCapacity` ndilo linalowapoteza watu wengi zaidi. Hapa kikomo chako hakina neno. AWS wenyewe hawana nafasi ya aina hiyo ya seva, mahali hapo, kwa wakati huo. Hata ukipewa vCPU elfu moja, kosa litabaki. Jaribu eneo jingine la upatikanaji (kundi jingine la vituo vya data) ndani ya kanda hiyohiyo (Cape Town ina matatu), au badilisha aina ya seva, au subiri kidogo.

Umefanikiwa ukiwa: unaweza kutaja msimbo wa kosa na kusema ni kikomo gani, bila neno "nadhani".

## Hatua ya 2: Hakikisha akaunti na kanda

Vikomo vingi vya AWS ni vya kila akaunti na kila kanda. Ukipandishiwa Ireland, Cape Town haijui habari hiyo.

Nililipa ada ya somo hili mwenyewe. Seva zangu zilikuwa Cape Town, `af-south-1`. Nikaingia kwenye konsoli usiku, nikajaza ombi, likakubaliwa ndani ya dakika chache, nikalala nikiwa na amani. Asubuhi hali ilikuwa ileile. Kumbe konsoli ilikuwa imefunguka N. Virginia, `us-east-1`, ambako sikuwa na hata seva moja. Jina la kanda lilikuwa pale juu kulia muda wote. Sikulitazama.

Endesha amri hii kwanza:

`aws sts get-caller-identity`

Linganisha namba ya akaunti inayotoka na ile uliyoiandika. Kampuni yenye akaunti moja ya majaribio na nyingine ya kazi hukosea hapa kila siku.

Kisha, katika amri zote zinazofuata, andika `--region` wazi. Usitegemee mpangilio uliohifadhiwa kwenye kompyuta, huenda uliuweka mwaka juzi.

Tahadhari: Cape Town ni kanda ya kuwashwa kwa hiari. Kama akaunti yako haijaiwasha, amri zitagoma kwa makosa ya utambulisho, na utadhani nywila ndiyo mbovu.

Umefanikiwa ukiwa: namba ya akaunti inalingana, na seva zako unaziona kwenye kanda uliyoitaja.

## Hatua ya 3: Kitambue kikomo kwa namba yake

Usitafute kwa jina tu. Majina yanafanana kama mapacha. Kila kikomo kina namba inayoanza na `L-`, na hiyo ndiyo ya kushika.

- `L-1216C47A`: seva za kawaida, yaani familia za A, C, D, H, I, M, R, T na Z.
- `L-34B43A08`: familia hizohizo, lakini za Spot.
- `L-DB2E81BA`: familia za G na VT, ambako G ndizo zenye kadi za michoro.
- `L-417A185B`: familia ya P, za kufundishia modeli nzito za akili bandia.
- `L-0263D0A3`: anwani za Elastic IP.
- `L-B99A9384`: kazi za Lambda zinazokwenda kwa pamoja. Namba hii iko chini ya huduma ya `lambda`, si `ec2`.

Sasa uliza thamani uliyopewa:

`aws service-quotas get-service-quota --service-code ec2 --quota-code L-1216C47A --region af-south-1 --query Quota.Value`

Akaunti changa mara nyingi hujibiwa `5.0`. Na hapo ndipo kile kitendawili cha seva ya tatu kinapofumbuka. Kikomo hiki hakihesabu seva, kinahesabu vCPU. Seva ndogo ya `t3.micro`, ile ya wanafunzi, ina vCPU 2. Mbili zinakula 4. Ya tatu ingefikisha 6, na wewe una 5. Hiyo moja iliyobaki haikusaidii kitu.

Kwa seva za kadi za michoro jibu kwa kawaida ni `0.0`. Hapa kuna mtego mwingine: watu huomba 1 wakidhani ni seva moja. Seva ndogo ya `g4dn.xlarge` ina vCPU 4. Ukiomba 1, ukapewa 1, huwashi chochote.

Angalia pia kama kikomo kinaruhusu kubadilishwa. Kwenye konsoli kuna safu ya `Adjustability`. Kama haikubali, usipoteze muda na ombi. Itabidi ubadilishe muundo wa mfumo wako.

Umefanikiwa ukiwa: umeandika kwenye karatasi vitu vitatu: namba ya kikomo, kanda, na thamani ya sasa.

## Hatua ya 4: Pima unachotumia sasa

Watu husema "seva zimejaa" bila kuhesabu. Hesabu.

`aws ec2 describe-instances --region af-south-1 --filters Name=instance-state-name,Values=running --query 'Reservations[].Instances[].[InstanceId,InstanceType,CpuOptions.CoreCount,CpuOptions.ThreadsPerCore]' --output table`

Zidisha safu mbili za mwisho kwa kila mstari, kisha jumlisha. Hizo ndizo vCPU zako zinazotembea.

Seva iliyozimwa haihesabiwi kwenye kikomo hiki. Iliyosahaulika ikiwa inawaka inahesabiwa, na bili yake pia. Mara kadhaa nimekaa na mtu kupandisha kikomo, tukakuta seva ya majaribio ya mwezi wa tatu bado inaunguruma. Tukaizima, tatizo likaisha, hatukuomba chochote.

Picha ya leo haitoshi. Unataka kilele cha wiki mbili zilizopita. CloudWatch huweka kumbukumbu hiyo bila wewe kuwasha kitu:

`aws cloudwatch get-metric-statistics --region af-south-1 --namespace AWS/Usage --metric-name ResourceCount --dimensions Name=Service,Value=EC2 Name=Type,Value=Resource Name=Resource,Value=vCPU Name=Class,Value=Standard/OnDemand --statistics Maximum --period 3600 --start-time 2025-06-01T00:00:00Z --end-time 2025-06-15T00:00:00Z --query 'max(Datapoints[].Maximum)'`

Badilisha tarehe ziwe zako. Ikirudi `null`, hakukuwa na seva ya familia hizo, au umerudia kosa la hatua ya 2. Kumbuka saa ni za UTC. Saa tano usiku ya Dar es Salaam au Nairobi ni 20:00 kwenye takwimu hizi.

Umefanikiwa ukiwa: una namba mbili, ya sasa hivi na ya kilele.

## Hatua ya 5: Piga hesabu ya unachohitaji

Hapa ndipo ombi zuri linapozaliwa, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuchukue mfumo wa kukata tiketi za mabasi. Siku za kawaida unaendeshwa na seva 4 za `m5.large`, kila moja vCPU 2, jumla 8. Kuna seva moja ya majaribio, `t3.medium`, vCPU 2. Kikomo ni 16. Kwa macho, nafasi ipo.

Desemba inafika na watu wanakwenda nyumbani. Auto Scaling, huduma inayoongeza na kupunguza seva yenyewe, imepangwa kupanda hadi seva 8 za `m5.large`. Hizo ni 16. Ongeza 2 za seva ya majaribio, 18. Seva ya nane haitawaka kamwe. Na haitapiga kelele kwenye simu ya mtu. Kosa litakaa kimya kwenye orodha ya matukio ya Auto Scaling huku wateja wakitazama duara likizunguka.

Bado. Timu ikitoa toleo jipya kwa mtindo wa kuwasha kundi jipya zima kabla ya kuzima la zamani, kwa dakika kadhaa makundi mawili yanatembea pamoja. Siku ya kawaida ni 8 na 8, pamoja na 2, jumla 18. Umeshapita 16 hata kabla ya Desemba. Ndiyo maana wengine hushangaa kwamba toleo jipya linashindwa Jumanne tulivu isiyo na wateja.

Hali mbaya kuliko zote ni kurekebisha hitilafu wakati wa kilele: 16 na 16 na 2, yaani 34. Ongeza nafasi kidogo ya pumzi, omba 40.

Kwa hiyo kanuni yangu ni: kilele cha Auto Scaling mara mbili, jumlisha seva za pembeni, panda hadi namba ya mviringo iliyo karibu. Usiombe 500 kwa sababu ni bure. Kuomba ni bure kweli, ila kikomo kidogo ni ukuta unaokulinda. Funguo zako zikivuja, mwizi wa kuchimba sarafu za kidijitali atawasha seva hadi kikomo kimzuie. Kwenye 40 utaumia. Kwenye 500 utauza kiwanja.

Umefanikiwa ukiwa: una namba moja, na mtu akikuuliza "kwa nini hiyo?" unamjibu kwa kujumlisha.

## Hatua ya 6: Tuma ombi

Kwenye konsoli: fungua Service Quotas, tazama kanda juu kulia, chagua AWS services, kisha Amazon EC2, tafuta `Running On-Demand Standard`, bofya `Request increase at account level`.

Kwa amri:

`aws service-quotas request-service-quota-increase --service-code ec2 --quota-code L-1216C47A --desired-value 40 --region af-south-1`

Tahadhari kubwa: namba unayoandika ni jumla unayotaka, si nyongeza. Una 16 na unataka 24 zaidi? Andika 40. Ukiandika 24, utapewa 24, na utarudi hapa tena.

Tahadhari ya pili ni ya wenye haraka. Huwezi kuwa na maombi mawili yaliyo wazi kwa kikomo kimoja. Ukikosea namba, hutairekebisha kwa kutuma jingine juu yake. Soma mara mbili kabla ya kubofya.

Umefanikiwa ukiwa: jibu lina `Status` yenye neno `PENDING` au `CASE_OPENED`, na `DesiredValue` ni 40.

## Hatua ya 7: Lifuatilie, na ulitetee likihitaji utetezi

`aws service-quotas list-requested-service-quota-change-history-by-quota --service-code ec2 --quota-code L-1216C47A --region af-south-1 --query 'RequestedQuotas[].[Created,DesiredValue,Status,CaseId]' --output table`

Nyongeza ndogo kwa kawaida hupitishwa na mashine. Kubwa huenda kwa binadamu wa Support, na huko inaweza kuchukua saa au siku. Ndiyo maana ombi la Desemba hutumwa Novemba mwanzoni, si tarehe 20 abiria wakiwa stendi.

Ukiona `CASE_OPENED`, usikae kusubiri. Fungua Support Center, ingia kwenye kesi hiyo, uandike sababu. Huhitaji mpango wa msaada wa kulipia, kesi za vikomo zimo hata kwenye mpango wa bure.

Utaandika kwa Kiingereza, lakini uzito uwe huu:

> Tunaendesha mfumo wa tiketi za mabasi kwenye af-south-1. Kikomo chetu cha L-1216C47A ni 16. Kilele cha wiki mbili zilizopita ni 14. Kuanzia tarehe 10 Desemba kundi letu la Auto Scaling litafika seva 8 za m5.large, na tunapotoa toleo jipya makundi mawili hutembea pamoja, jumla vCPU 34. Tunaomba 40. Tunalipa bili kila mwezi na tuna kengele ya bajeti.

Linganisha na lile ninaloonyeshwa kila mara: "Naomba mniongezee, ni dharura." Anayelisoma hana cha kushika. Hajui una biashara gani wala namba yako imetoka wapi, na akaunti ikiwa ya wiki mbili, ana kila sababu ya kuogopa.

Likirudi `DENIED`, soma maelezo ndani ya kesi. Kwa akaunti changa, dawa inayofanya kazi ni kuomba nusu, kuitumia na kuilipia kwa mzunguko mmoja wa bili, kisha kurudi. Kutuma ombi lilelile mara tano ni kupoteza muda.

Umefanikiwa ukiwa: `Status` inasema `APPROVED`.

## Hatua ya 8: Thibitisha kwa kuwasha

`APPROVED` ni ahadi. Rudia amri ya hatua ya 3 uone `40.0`. Ikiwa bado inaonyesha ya zamani, subiri dakika chache urudie.

Kisha washa seva iliyokuwa inagoma, aina ileile, kanda ileile. Ikifika `running`, izime kabisa kama ilikuwa ya majaribio. Seva za Amazon Linux na Ubuntu hutozwa kwa sekunde, kuanzia sekunde 60, kwa hiyo jaribio hili ni la senti.

Usitegemee `--dry-run`. Hiyo hukagua ruhusa zako za IAM, na inaweza kukuambia mambo shwari halafu seva igome.

## Hatua ya 9: Weka kengele ili usirudi hapa

Kwenye ukurasa wa kikomo ndani ya Service Quotas kuna sehemu ya kengele za CloudWatch. Unachagua asilimia, unaipa jina, basi. Ukiijenga mwenyewe kwenye CloudWatch, hesabu ni hii, ambapo `m1` ni kile kipimo cha hatua ya 4:

`m1/SERVICE_QUOTA(m1)*100`

Uzuri wake ni kwamba kikomo kikipanda, asilimia inajirekebisha yenyewe. Huhitaji kukumbuka kubadilisha namba.

Asilimia ngapi? Wengi huweka 80 kwa mazoea. Kwa kikomo cha 5, asilimia 80 ni vCPU 4, na hapo tayari huwezi kuwasha hata `t3.micro` moja. Kengele inalia nyumba ikiwa imeshaungua. Kwa mfumo wetu wa mabasi wenye 40, ningeweka 60, yaani 24. Siku za kawaida hata toleo jipya linafika 18 tu, kwa hiyo ikilia ujue kuna jambo, na bado kuna nafasi ya 16 wakati ombi jipya linasubiri binadamu alisome.

Mwisho, fungua kengele hiyo ndani ya CloudWatch uone kama ina mahali pa kutuma ujumbe. Kengele isiyo na mahali pa kutuma hubadilika rangi kwenye ukurasa ambao hakuna anayeutazama. Unganisha na mada ya SNS (huduma ya AWS ya kutuma taarifa), weka barua pepe, kisha nenda kwenye kikasha ubofye kiungo cha kuthibitisha. Usipobofya, usajili unabaki `Pending confirmation` na hautapokea kitu. Kiungo hicho kinapenda kujificha kwenye taka.

Ijaribu palepale (`vcpu-cape-town` hapa ni jina la kengele, weka lile uliloipa yako):

`aws cloudwatch set-alarm-state --alarm-name vcpu-cape-town --state-value ALARM --state-reason "jaribio" --region af-south-1`

Umefanikiwa ukiwa: simu yako imelia, na barua pepe yenye neno `ALARM` imo mkononi.